Miongozo Mitatu ya Kumtafuta Wakala

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Siku ya kihistoria. Naiandika mwenyewe mapema, wasije wengine wakaiandika vibaya.

Leo jioni mimi na mke wangu tumekubaliana na kupeana mikono. Habari yenyewe ni hii. Mama Mkwe anahamia kwetu keshokutwa. Anakaa ghorofa ya nne na magoti yake yamegoma kupanda ngazi. Mke wangu akasema mama atalala chumba cha nyuma. Nikasema chumba cha nyuma ni ofisi ya mwandishi. Akauliza mwandishi gani. Nikanyoosha kola.

Kisha nikamweleza taratibu, kwa ile sauti ninayotumia kumweleza mwananchi kwa nini faili lake halionekani. Miaka kumi na sita nimekuwa karani wa masijala, sauti hiyo ninayo. Nikamwambia riwaya yangu iko tayari. Imekamilika kabisa, isipokuwa katikati na mwisho. Kilichobaki ni wakala tu. Mzee wa Mihuri, mwenzangu wa meza ya pili, ana binamu yake aliyechapishwa, naye anasema mchapishaji wa siku hizi hasomi mswada uliojileta wenyewe. Lazima uletwe na wakala wa waandishi, kama posa inavyopelekwa na mshenga.

Mke wangu alikuwa anapinda suruali ya mteja. Ni fundi cherehani, na akiwa kazini mdomo wake umejaa pini, ndiyo maana napenda kujadiliana naye saa hizo. Akazitoa pini. Akasema sawa: hadi Jumamosi tarehe 28. Wakala akiandika kwamba anakitaka kitabu changu, chumba ni changu na mama atalala chumba cha cherehani. Asipoandika, chumba ni cha mama na nisilalamike.

Siku ishirini na sita! Nitamaliza kwa kumi. Zilizobaki nitapumzika.

Jumanne, tarehe 3 Machi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Nimesema jino.

Maktaba ya mji, chumba cha rejea. Meza mbili ndefu, feni moja inayozunguka ikijisikia, na Mkutubi, mwanamke wa makamo mwenye rula. Mtu akikohoa, anagonga meza kwa rula. Kanuni zimebandikwa ukutani. Kitabu cha rejea hakiazimwi. Simu inaachwa kwenye sanduku mlangoni. Kila msomaji ajaze daftari: jina, kitabu anachosoma, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Nilijaza. Mkutubi aliutazama mwandiko wangu mara mbili, nami sikushangaa.

Wana miongozo mitatu ya mawakala. Nimeipa majina. Mnene: kurasa mia tisa, jalada la kijivu. Mwembamba: kurasa sitini, ushauri mwingi na anwani chache. Mwekundu: wa katikati, jalada la plastiki, faharasa mbili nyuma.

Mjinga angeanza kusoma. Mimi nilianza kwa kupima. Niliinyanyua mmoja mmoja kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mnene umeshinda kwa mbali. Una mawakala mia nane, maana yake nafasi mia nane. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili.

Mwembamba unaanza ukurasa wa kwanza kabisa kwa kusema: maliza kitabu chako kwanza. Nikaufunga papo hapo. Mwongozo unaokuvunja moyo ukurasa wa kwanza, ukifika wa sitini si utakuzika? Mwekundu nao unasema hivyo hivyo, ila unangoja hadi ukurasa wa tatu. Angalau una adabu.

Nimenakili anwani ishirini kutoka kwa Mnene. Barua pepe zitaondoka kesho.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Mama Mkwe amewasili jana na masanduku mawili. Shikamoo, marahaba, pole na safari, nimeshapoa mwanangu. Kwa sasa analala chumba cha cherehani, kati ya gauni za bibi harusi mmoja na sare za shule. Nilimsaidia kubeba sanduku dogo. Likawa zito kuliko kubwa. Nikauliza kwa utani kama amebeba mawe. Akasema ni vikaratasi vyake tu.

Vikaratasi! Ni madaftari thelathini na manane. Mama Mkwe alikuwa mkunga, na kila mwaka wa kazi alijaza daftari moja: nani alizaliwa, usiku gani, nani alilia, baba gani alizimia. Sasa anayageuza kuwa kitabu. Akaniuliza mbele ya mke wangu, kwa upole kabisa, eti nasikia mwanangu unatafuta wakala, hebu nielekeze na mimi.

Fikiria mwenyewe. Mpinzani nyumbani kwangu, na ni mkwe! Mpinzani wa kawaida unamnunia. Mkwe unamwamkia na kumpisha kiti.

Nikafikiri haraka. Mnene ni wangu, siutaji. Nikamwambia, mama, nenda maktaba uulize kitabu chekundu, hicho ndicho kitakufaa. Kile cha jalada la plastiki, kama kitabu cha watoto! Akanishukuru mpaka nikaona haya. Nikaongeza, ili asinifuatefuate, kwamba mimi nimeshavuka hatua ya miongozo na kuna mawakala watatu wananisumbua kwa simu. Mke wangu alinitazama. Bahati nzuri alikuwa na pini mdomoni.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Majibu ya barua zangu ishirini.

Kumi na tatu zilirudi dakika ile ile, anwani haipo. Nne kimya. Mmoja amejibu kwamba ofisi siku hizi inauza matairi, na kama nahitaji tairi nimwone. Mmoja anashughulika na vitabu vya upishi tu na ameniuliza kama mhusika wangu anapika. Kwa niaba ya wa ishirini amejibu mjane wake. Marehemu alifariki miaka sita iliyopita, lakini mama huyo anaamini angeupenda mwanzo wa riwaya yangu. Barua nzuri kuliko zote. Nimeihifadhi.

Nimerudi maktaba mbio. Mwaka wa Mnene umeandikwa nyuma ya ukurasa wa kwanza kwa herufi za sisimizi. Una miaka tisa! Nani husoma nyuma ya ukurasa wa kwanza?

Kwa hasira nikaufungua Mwekundu. Jamani. Toleo la mwaka huu. Faharasa ya kwanza ni ya majina. Ya pili inawapanga mawakala kwa aina ya kitabu: riwaya huku, kumbukumbu za maisha kule. Kila wakala ameandikiwa anachopenda, asichotaka kukiona, atumiwe nini na lini mlango wake unafungwa, yaani anaacha kupokea miswada. Na kuna onyo kwa herufi nzito: wakala anayedai ada ya kukusomea, mkimbie.

Ndio mwongozo wenyewe. Na mimi, kwa kinywa changu hiki, nimempa Mama Mkwe!

Sikukata tamaa. Nina hatua mbili, na zote ni za kitaalamu. Kwanza, Mwekundu nimeuhamisha. Upo rafu ya kilimo, nyuma ya Ufugaji Bora wa Sungura, kitabu ambacho vumbi lake linaonyesha hakijaguswa tangu kinunuliwe. Pili, nikisoma Mwekundu, daftarini naandika Ufugaji Bora wa Sungura. Mama akija kupekua daftari, ataona sungura tu. Masijala tunasema kisichoandikwa hakikutokea.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Kamili! Mama Mkwe alikwenda asubuhi na fimbo yake. Jioni akasimulia. Mkutubi ametafuta Mwekundu kila mahali, hakuuona. Akafungua daftari, hakuna mtu aliyewahi kuusoma. Nikasema maskini, vitabu vya siku hizi vinapotea ovyo.

Jambo moja tu silipendi. Mama na Mkutubi wamekuwa marafiki. Walipojuana majina ikaonekana Mkutubi alizaliwa mikononi mwa Mama Mkwe, daftari la kumi na moja, alitoka amefunga ngumi. Kumbe hata rula alizaliwa nayo. Mkutubi alilia kidogo na hakujigongea meza.

Mama akajisomea Mwembamba, ule wa kurasa sitini. Akaniambia kitabu kile kina busara sana: kinasema umalize kitabu kwanza. Kwa hiyo anamaliza. Nikamtakia kila la heri. Kwa mtindo huo hatafika popote.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Kazi inasonga. Kila siku mapumziko ya mchana nipo kwenye chumba cha rejea. Naingia, najaza sungura, nautoa Mwekundu mafichoni, naukumbatia kifuani hadi meza ya kona, nampa Mkutubi mgongo.

Wengine wangechukua wakala wa kwanza waliyemwona na kumwandikia. Ndivyo watu wanavyoharibikiwa. Mimi nawapa alama wote. Nimechora jedwali kwenye karatasi ndefu kama tunavyofanya orodha ya mafaili: namba, alama juu ya kumi, maoni. Wakala wa 12: alama saba, anapenda riwaya za maofisini. Wakala wa 19: alama mbili, anataka muhtasari wenye mwisho wa hadithi, huo ni umbea. Wakala wa 27: alama sita, jina linapendeza. Anwani zao sinakili kwa sasa. Nitanakili ya mshindi peke yake, siku nikimaliza wote. Kupanga ni kuchagua.

Mkutubi amepita nyuma yangu nikafunika kwa mikono. Akatabasamu. Hajawahi kunitabasamia.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Leo sikwenda maktaba. Naandika jambo ambalo halina faida katika mpango wangu.

Mchana mke wangu alikuwa anashona, Mama Mkwe akawa anamsomea sura aliyoimaliza. Nilikuwa nje ya mlango nikijifanya natengeneza bawaba. Ni habari ya mwanamke aliyejifungua wakati umeme umekatika hospitali nzima, na wakunga wakaimba ili ajue wapo. Mama anasoma bila kubadilisha sauti, kama anasoma orodha ya dawa. Cherehani ikanyamaza. Nilichungulia nikamwona mke wangu anajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Kwangu mke wangu amesoma kurasa arobaini za mwanzo. Alisema herufi zimepangika vizuri.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama. Niliona wivu. Naandika hivyo kwa sababu hakuna mtu atakayesoma shajara hii. Niliona wivu na nikaona aibu kwa wivu wenyewe, maana sura ilikuwa nzuri na nilitaka kujua mtoto alipona au la. Nimemuuliza Mama jioni kwa kuzungukazunguka. Alipona. Ni fundi bomba sasa.

Basi. Kesho Jumapili napumzika, Jumatatu vita.

Jumanne, tarehe 17 Machi

Nimefika herufi ya M na mshindi nimemwona. Wakala wa 88! Alama tisa na nusu. Anatafuta riwaya ya kwanza ya mwandishi asiyejulikana, mazingira ya ofisini, yenye ucheshi. Ni mimi huyo, wamesahau tu kuweka picha. Anataka sura tatu za mwanzo, na sura tatu za mwanzo ndizo hasa nilizonazo! Mlango wake unafungwa Ijumaa tarehe 20, saa kumi na moja jioni.

Mtu mwenye pupa angenakili anwani pale pale. Nilishika kalamu, nakiri. Lakini zilibaki herufi kumi na moja. Je, kwenye W kuna mwenye alama kumi? Nikaacha. Nina Jumatano na Alhamisi, nitamaliza orodha, kisha nitanakili kwa moyo mweupe.

Mama Mkwe amemaliza kitabu chake leo asubuhi. Amefunga daftari, akaomba chai.

Alhamisi, tarehe 19 Machi

Balaa.

Jana bosi alinibana na ukaguzi wa mafaili, sikutoka. Leo saa sita na dakika tano nipo rafu ya kilimo. Nyuma ya Ufugaji Bora wa Sungura hakuna kitu. Hapana, nakosea. Kuna vitabu vingine vitano vya sungura, vipya, vinanukia gundi.

Mkutubi akaja ananyatia, uso unang'aa. Akanieleza, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake nzima. Kila katikati ya mwezi anajumlisha daftari. Kitabu kinachosomwa, wanaongeza vingine vya namna yake. Na kuanzia mwaka huu, kisichosomwa na mtu tangu Januari kinaondolewa, anapewa msomaji yeyote anayekihitaji, maana rafu hazitoshi. Akasema mwezi huu sungura wamevunja rekodi ya maktaba. Mara nane kwa siku kumi, na msomaji ni mmoja! Alipokwenda kuwapanga wageni kwenye rafu akakiona kile chekundu cha mawakala kimepotelea nyuma yao. Akaangalia daftari: hakijasomwa hata mara moja. Akakiondoa. Amempa yule mama mkunga aliyewahi kukiuliza. Akasema, nawe unajua bwana, kisichoandikwa hakikutokea.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwepo, ndefu tu, kama dakika nzima. Nikasema vitabu hivi ni vizuri.

Akanivutia kiti. Akasimama pembeni anifurahie nikisoma. Nimesoma sungura hadi saa nane. Sungura jike hubeba mimba siku thelathini na moja hivi. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote.

Ijumaa, tarehe 20 Machi

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwekundu upo nyumbani kwangu, hatua sita kutoka kitandani mwangu!

Asubuhi kabla sijaenda kazini Mama Mkwe alinionyesha mwenyewe. Alinishukuru tena kwa kumwelekeza. Akaeleza alivyofanya. Alianza na faharasa ya pili, akatafuta wanaopokea kumbukumbu za maisha, akapata kumi na mmoja. Akawafuta waliofunga milango. Wakabaki watatu. Akawaandikia watatu hao jana, saa tatu hadi saa tano. Basi, huo ndio utaratibu wake wote! Akasema, mwanangu, kama unakihitaji hiki hapa.

Alininyooshea mkono. Nilikiona kile kitabu, plastiki ile, ukurasa ule wa M. Na mke wangu yupo pale ananisikiliza, anangoja kusikia habari za wale mawakala watatu wanaonisumbua kwa simu. Nikasema asante mama, nimeshavuka hatua hiyo.

Saa tisa nikarudi nyumbani kwa sababu ya jino. Mama alikuwa amekaa barazani. Kitabu kipo kwenye mfuko wa kitambaa, juu ya kitanda chake, na chumba anacholala mkwe siingii, hata nikiwa na shida hiyo. Nikasimama mlangoni na fimbo ya pazia. Mpango ulikuwa kuvuta mfuko kwa ndoana iliyo nchani mwake. Mara ya kwanza nilipata sare ya shule. Mara ya pili gauni la bibi harusi, shela likafuata, na kopo la vifungo likamwagika chumba kizima. Nilipogeuka mke wangu amesimama nyuma yangu.

Akauliza natafuta nini. Nikaificha ndoana mgongoni. Mama Mkwe akaingia taratibu na fimbo yake, akasema mwache, anaona aibu. Akamvuta pembeni. Nilisikia kila neno. Mkutubi amemwambia kwamba mkweo hasomi kitu kingine, kila siku ni sungura, anakaa amekikumbatia kitabu. Mawakala na riwaya ni kelele tu za mwanaume anayeogopa kusema anachokipenda.

Wote wawili wakanitazama kwa huruma. Mke wangu akanishika bega. Akasema, mume wangu, si ungesema tu?

Tukaokota vifungo. Tulipomaliza ilikuwa saa kumi na moja na robo.

Alhamisi, tarehe 26 Machi

Siku tano sikuandika. Nilikuwa napanga mikakati.

Mwandishi aliyetulia hababaiki. Bado siku mbili. Nimemwandikia yule wa matairi kumuuliza kama hana mpango wa kurudi kwenye fasihi.

Mama Mkwe alijibiwa tangu Jumatatu. Wakala mmoja kati ya wale watatu aliomba kitabu kizima. Na kwa kuwa kilikuwa kimekwisha, alikituma jioni ile ile. Leo simu imelia wakati tunakula. Wakala mwenyewe, mwanamke, sauti ya haraka. Mama alimsikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, asante binti yangu, akakata. Akaendelea kula. Tukamuuliza. Akasema wamekitaka.

Mke wangu alipiga kelele hadi jirani akaja. Mimi nikasimama nikampa Mama mkono kwa mikono miwili, nikampongeza. Na nilimaanisha, hilo nalo naliandika. Kisha nikaenda kuosha vyombo ingawa zamu haikuwa yangu.

Mke wangu alinifuata jikoni. Akasema akili nyingi huondoa maarifa. Sikumuelewa anamsema nani.

Jumamosi, tarehe 28 Machi

Mkataba ni mkataba. Nimeitoa meza yangu chumba cha nyuma kwa mikono yangu. Taa pia. Kalenda pia. Mswada nimeubeba mwisho, kifuani, na ulikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Hapo niliumia. Chumba kile kina dirisha moja tu, na kwa miaka minne nilikaa mbele yake nikijiona mtu.

Meza imeingia chumba cha cherehani. Kiwiko changu kinagusa sare za shule.

Saa nne seremala akaja na kibanda cha mbao chenye wavu, ndani yake sungura wawili, jike na dume. Zawadi ya Mama Mkwe. Akasema mwanaume asione haya kwa kitu anachokipenda. Mkutubi naye ametuma salamu: anaomba siku moja niwazungumzie wasomaji wake.

Nimewapa maji. Jike ana tumbo, nadhani. Nimeandika tarehe kwenye kadi nikaibandika kibandani.

Jumatatu, tarehe 30 Machi

Mambo yamegeuka! Tena kwa kasi.

Asubuhi Mama Mkwe aliniita barazani. Kumbe Jumamosi aliniona nikiubeba mswada, akamweleza wakala wake habari zangu, kwamba mkwe wake ana riwaya ya ofisini na anaona haya kuitoa. Wakala amejibu leo. Amekuwa akitafuta riwaya ya namna hiyo. Anasema nimtumie nilichonacho hata kama hakijakwisha, na nimwahidi tu tarehe ya kumaliza. Mama akaongeza kwamba yeye huandika asubuhi pekee. Kuanzia saa nane mchana chumba cha nyuma ni kitupu, dirisha na vyote, nikaandike humo hadi jioni.

Kusema kweli machozi yalinilenga. Mwanamke niliyemfichia kitabu! Nikamwambia mama, Mungu akubariki. Nikamwambia nitamjibu wakala kesho.

Nimefikiri mchana wote masijalani, nikawanyima watu wanne mafaili yao ili nipate utulivu. Na nimeona wazi. Wakala huyu sikumchagua. Ameletwa tu, bila kulinganishwa na yeyote. Mtu mzima hanunui hata kiatu bila kujaribu cha pili. Itakuwaje nimkabidhi riwaya ya maisha yangu wakala wa kwanza anayesema ndiyo?

Mke wangu ameuliza kama nimekataa. Nikasema nimeahirisha, kwa wiki mbili au tatu, nifanye utafiti. Aliniangalia, akachukua pini zake akazitia mdomoni moja moja.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi sijashindwa. Kesho napanda basi la alfajiri kwenda mji wa jirani. Maktaba ya huko ina miongozo saba ya mawakala, na hakuna anayenijua.